Rubani wa Jumamosi Anajibu: Lumbesa, Ukungu na Lami ya Songwe

Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: mimi si rubani wa kulipwa. Nina theluthi moja ya Cessna 172 ya zamani, ndege ndogo ya injini moja na viti vinne, theluthi mbili zilizobaki ni za marafiki zangu, na tunaruka kwa zamu siku za mapumziko, kutoka kiwanja hadi kiwanja humu humu Nyanda za Juu Kusini. Maswali ya mwezi huu yalikuwa mengi. Nimechagua yale niliyoona yatamfaa zaidi ya mtu mmoja.

Kamwene kaka. Nilijifunza kuruka Dar es Salaam, sasa nimehamia huku kikazi na ndege yangu nimeileta. Ndege ni ile ile na mimi ni yule yule, lakini pale Songwe saa nane mchana inakimbia kwenye lami kama haitaki kuondoka. Fundi ameikagua, anasema injini ni nzima. Tatizo nini? – Mhamiaji, Mbalizi

Kamwene. Fundi wako hajakosea. Dar uwanja uko karibu sawa na bahari. Songwe uko takriban futi 4,400. Hewa ya huku ni nyepesi, na wepesi huo unakupiga mara tatu: injini inavuta hewa pungufu, propela inakamata hewa pungufu, na bawa nalo linabebwa na hewa hiyo hiyo pungufu.

Halafu ongeza joto. Kwa hesabu ya kawaida ya marubani, kwenye kimo cha Songwe hewa inatakiwa iwe na nyuzi 6 hivi. Mchana wa Oktoba ukikuta nyuzi 28, umezidi kwa 22. Kila nyuzi moja ya ziada ni kama kuipandisha ndege futi 120, kwa hiyo 22 ni kama futi 2,600. Jumlisha na kimo cha uwanja: ndege yako imeegeshwa Songwe, lakini inajiona iko futi 7,000. Yaani inajaribu kuruka kutoka mahali palipo juu kuliko Njombe mjini.

Sasa nikuulize wewe: kile kishikio chekundu cha mchanganyiko wa mafuta na hewa unakifanyaje kabla ya kuruka? Waliojifunzia pwani wengi wanakisukuma chote ndani, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa, na pwani ni sahihi. Huku unaizamisha injini kwa petroli. Kitabu cha 172 chenyewe kinasema kwenye viwanja vilivyozidi futi 3,000 usimame, ufungue nguvu zote, kisha uvute kishikio taratibu mpaka mizunguko ya injini ifike kileleni. Nina hisia nusu ya ugonjwa wako iko hapo.

Jambo la pili ni macho. Kipima kasi kitakuonyesha namba ile ile uliyoizoea ya kunyanyuka, lakini ardhi inakupita kwa kasi zaidi kuliko Dar. Mgeni anaona anakimbia mno, anavuta usukani mapema, ndege inanyanyuka kidogo kisha inaning'inia. Amini kipimo, usiamini dirisha.

Songwe ina lami ya zaidi ya kilomita tatu, kwa hiyo inakusamehe. Kiwanja cha nyasi cha shamba la chai, chenye mikaratusi mwishoni, hakitakusamehe. Kwa hiyo ruka asubuhi. Mimi ikishapita saa nne na jua limekaza, naenda kunywa chai.

Mume wangu alinunua ndege mwaka jana (sikuulizwa). Sasa kila mwezi anataka kutupeleka mimi na watoto wetu watatu Ruaha au Songea. Nikimuuliza kitu anasema "usiwe na wasiwasi". Sijui chochote kuhusu ndege. Nimuulize nini ili nijue yuko makini? – Mama wa watatu, Gangilonga, Iringa

Dada, hesabu kwanza. Watoto watatu, wewe na yeye ni watano. Kama ndege ni ya viti vinne, swali la kwanza umeshalipata na jibu lake unalo. Mtoto wa shule hapakatwi.

La pili: "Tukichelewa, nani ataanza kututafuta, na saa ngapi?" Rubani makini anajibu bila kufikiri. Atakuambia ameacha mpango wa safari kwa waongozaji wa ndege, na kwamba dakika 30 baada ya muda uliotarajiwa bila habari zenu, watu wanatakiwa kuanza kuulizia. Kama mnakwenda kiwanja kisicho na mnara, lazima awepo mtu wa nchi kavu anayesubiri simu: shemeji, jirani, yeyote mwenye akili timamu na chaji kwenye simu. Mwambie pia akuonyeshe kile kisanduku kinachopiga kelele kwa setilaiti ndege ikianguka. Kiwe cha masafa ya megahezi 406. Vile vya zamani vya 121.5 setilaiti ziliacha kuvisikiliza tangu Februari 1, 2009, na bado kuna ndege zinabeba hicho kama hirizi.

La tatu ndilo ninalolipenda: "Umewahi kuiacha ndege ukarudi na basi?"

Nakupa yangu. Machi moja niliruka na mke wangu Ijumaa kwenda Songea msibani. Jumapili tulitakiwa kurudi Iringa. Asubuhi Songea kweupe kabisa, lakini niliyempigia simu Njombe akaniambia haoni mti wa pili kutoka mlangoni kwake. Tukasubiri. Saa sita bado, saa nane akasema sasa hata ule wa kwanza hauoni. Kuna sauti inakuja kichwani saa hizo: tupite chini ya mawingu tufuate barabara, Lukumburu naijua. Ndiyo, naijua kwa gari. Kwa ndege, barabara inapanda kilima na wingu linakaa juu ya kilima, na katikati hakuna nafasi ya bawa. Jumatatu alfajiri tulipanda basi. Ndege ilikaa Songea siku nane, bosi wangu alinuna, na mwenzangu mmoja wa ile theluthi aliyekuwa na zamu yake Jumamosi hajanisamehe hadi leo.

Kama mumeo anaruka miaka mingi huku kwetu na hajawahi kupanda basi la kurudi, ama ana bahati ama anabahatisha. Kama ni mwaka mmoja tu, muulize angeshukia stendi gani. Akicheka, endelea kuuliza.

Pipi za watoto kwa ajili ya masikio usisahau, na wasikaribie propela hata kama imesimama.

Naweza kubeba gunia moja la viazi kutoka Njombe nyuma ya viti? Ni moja tu. – Mpenda chipsi, Mbeya

Gunia la wapi? Maana nikisikia "moja tu" na Njombe katika sentensi moja, naiona lumbesa ile yenye kilemba, na hiyo inapita kilo mia.

Sehemu ya mizigo ya 172 ya kawaida inaruhusu kilo 54, basi. Si suala la nafasi. Uzito ukikaa nyuma sana mkia unalemea, pua inapanda, na usukani wote ukiusukuma mbele pua haishuki. Na uzito wa jumla nao haudanganyiki: ile ya kwangu inaruhusiwa kilo 1,043, yenyewe tupu ni kama 650, mafuta yakijaa ni karibu 110. Zinabaki kilo 280 na ushee kwa watu na kila kitu. Watu wazima wanne wa kilo 75 wameshazidisha hata kabla ya kiazi kimoja. Nunua debe.

Nina leseni ya rubani binafsi. Watu wananiomba niwapitishe juu ya Kitulo waone maua, wako tayari kulipa. Kuna ubaya? – Kijana wa Uyole

Upo. Leseni yako inakuruhusu kuruka na ndugu na marafiki, haikuruhusu kulipwa. Ukipokea hela umekuwa biashara, na biashara ya kubeba watu ina vibali vyake kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Siku ya ajali bima itauliza swali hilo kabla ya kuuliza majina ya majeruhi.

Lakini mdogo wangu, hata bure nisingekushauri uanze na Kitulo. Bustani ya Mungu inachanua kati ya Desemba na Aprili, yaani wakati ule ule mawingu yanapolala juu yake. Uwanda wenyewe uko mita 2,600, na kilele cha Mtorwi kinafika 2,961, karibu futi 9,700. Ukitaka nafasi salama juu yake uko futi 11,700, ambako 172 inapumua kwa shida na wewe pia: ukizidi futi 10,000 kwa zaidi ya nusu saa, sheria inadai oksijeni.

Na kosa la wengi ni kutoka Usangu na kuuendea ukuta wa Chimala moja kwa moja. Gari linapanda pale kwa kona hamsini na saba, nawe unadhani utapanda kwa mstari! Upepo wetu mkubwa unatoka kusini mashariki. Unapita juu ya Kitulo kisha unamwagika chini upande wa Usangu, yaani upande wako. Ndege inayopanda futi 300 kwa dakika ikiingia kwenye hewa inayoshuka futi 600, piga hesabu. Pandia juu ya tambarare, zunguka mpaka upate kimo, kisha ukaribie ukingo kwa mshazari ili ukiona unashuka uweze kugeuka kurudi bondeni bila kukunja sana. Mara ya kwanza nenda na mtu anayekujua wewe na anayekujua kule.

Nilikuwa napita juu ya Mufindi asubuhi, mvua imekatika, joto nyuzi 16 hivi. Mizunguko ya injini ikaanza kushuka yenyewe, kisha injini ikakohoa. Nikageuza nikatua salama. Fundi amefungua kila kitu hakuona kosa. Niuze ndege? – Mwenye mashaka, Mafinga

Usiuze. Fundi hakuona kosa kwa sababu ushahidi ulikuwa umeshayeyuka. Ilikuwa barafu ndani ya kabureta, pale petroli inapochanganywa na hewa kabla ya kuingia kwenye injini.

Najua, nyuzi 16 na barafu haviendani. Lakini petroli inapogeuka mvuke ndani ya kabureta inanyonya joto, na hewa inayopita penye uwazi mwembamba inapoa zaidi, hivyo humo ndani joto linaweza kushuka nyuzi 20 na zaidi. Hewa ikiwa na unyevu, na nani ana unyevu kama Mufindi, maji yanaganda kwenye koo la injini. Hakuna wingu linalohitajika.

Dawa ni kile kivuto cha joto la kabureta, ukivute chote, si nusu. Na hapa ndipo watu wanapotishika: ukikivuta, kwa muda mfupi injini inakohoa zaidi, maana inameza maji ya barafu iliyoyeyuka. Rubani anaona ameharibu, anarudisha. Usirudishe. Ivumilie mpaka ikae sawa.

Petroli ya ndege ni shida na ni ghali. Ya kituo cha magari haifai? Mimi sioni tofauti. – Tunduma

Zipo injini za zamani zenye hati ya kuruhusu petroli ya magari. Kama yako haina hati hiyo, jibu ni hapana, maana ukiwa juu kwenye joto petroli hiyo inaweza kugeuka mvuke ndani ya bomba na injini ikakosa cha kunywa. Hatari kubwa zaidi ni nyingine: viwanja vyetu vingi vikisema "mafuta yapo" vinamaanisha yale ya ndege zenye injini za aina ya jeti, ndugu wa mafuta ya taa. Ya kwako yana rangi ya buluu. Simama hapo hapo yanapotiwa, chota, tazama, nusa. Na safari ipange kwa mafuta ya kwenda na kurudi.

Babu yangu alikuwa akisema enzi za Mwingereza ndege za kutoka London zilitua Mbeya. Wajukuu tulimcheka. Kuna ukweli? – Mwalimu mstaafu, Tukuyu

Shikamoo mwalimu. Mlimcheka bure. Mwaka 1932 Imperial Airways ilifungua njia ya London hadi Cape Town, barua Januari na abiria Aprili. Katika Tanganyika zilitua Moshi, Dodoma na Mbeya, kisha zikavuka kwenda Mpika, Zambia ya leo. Safari nzima ilichukua zaidi ya wiki, kwa sababu usiku abiria walishuka wakalala. Mwaka 1937 kampuni ikahamia ndege za kutua majini zilizopita pwani, na Mbeya ikaachwa.

Nawafikiria sana marubani wale. Hawakuwa na setilaiti wala mtu wa kumpigia simu Njombe, na injini zao zilivuta hewa nyepesi hii hii. Kama babu aliacha picha yoyote, hata iliyoliwa na mchwa nusu, naomba niione. Nitakuja Tukuyu mwenyewe, kwa basi.