Uwiano wa kinyume: anza na kile kisichobadilika

Kwa muda mrefu nilikosa maswali ya uwiano wa kinyume (kimoja kikiongezwa mara mbili, kingine hubaki nusu) ilhali kuzidisha na kugawanya kwangu hakukuwa na kasoro. Nakumbuka hili: mafundi 6 humaliza kazi kwa siku 10, mafundi 4 wataimaliza kwa siku ngapi? Niliandika 6/10 = 4/x, nikapata siku 6 na theluthi mbili, nikaendelea na swali jingine. Sikujiuliza imekuwaje watu wachache wamalize mapema kuliko wengi.

Sasa nawasaidia wengine, na kosa lile lile nalikuta kila mara. Ninachowaambia ni hiki: usiandike mlinganyo kabla hujakijua kitu ambacho swali halikibadilishi. Kwa mafundi hawa, hicho ni ukubwa wa kazi. Sita kwa siku 10 ni sawa na siku 60 za fundi mmoja. Wakibaki wanne kazi ni ile ile, basi 60 ÷ 4 = siku 15. Kwenye safari, kisichobadilika ni umbali: gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa likitumia saa 3, njia ni kilomita 240, na kwa mwendo wa 60 litatumia saa 4. Hizo siku 60 za fundi mmoja, hizo kilomita 240, ndizo k ya kanuni xy = k, ambapo x na y ni vile viwili vinavyobadilika. Mwanafunzi akishajua kwamba k ni kilomita au ni kazi, haikariri tena.

Jambo linalonisumbua zaidi ni maelezo ya mkato kwamba "kimoja kikiongezeka, kingine kinapungua, basi ni kinyume". Hayatoshi. Chukua mshumaa wa sentimita 24 unaopungua sentimita 2 kila saa. Muda unaongezeka, urefu unapungua. Lakini zidisha: baada ya saa 1 ni 1 × 22 = 22; baada ya saa 2 ni 2 × 20 = 40. Zao, yaani jibu la kuzidisha, halikutulia, kwa hiyo huo si uwiano wa kinyume, na xy = k itakupoteza. Ukipewa jozi mbili za namba au zaidi, zizidishe kwanza. Kama hukupewa, jiulize: thamani moja ikiongezwa mara mbili, je, nyingine itabaki nusu kamili?

Soma pia kinyume cha nini. Mwanga wa taa ndogo hupungua kwa kinyume cha mraba wa umbali. Mwanga ukiwa luksi 90 (luksi ni kipimo cha mwanga) kwenye mita 2, k = 90 × 2² = 360, na kwenye mita 6 utapata 360 ÷ 36 = luksi 10. Anayeuruka ule mraba anapata 30, na 30 inaonekana jibu zuri tu, ndiyo maana ni hatari. Neno "mraba" lipigie mstari mara unapoliona. Vipimo navyo vilinganishe mapema, maana dakika na saa katika mlinganyo mmoja huharibu kila kitu.

Kuna maswali ambayo k yenyewe inapungua katikati, na hapa ndipo hata wanafunzi hodari hukwama. Mafundi 8 wangemaliza kazi kwa siku 15. Baada ya siku 5, watatu wanaondoka. Kazi yote ni 8 × 15 = 120. Iliyokwisha fanyika ni 8 × 5 = 40. Imebaki 80, na waliobaki ni watano: 80 ÷ 5 = siku 16. Anayetumia 120 kwa wale watano anapata siku 24, kwa sababu ameirudia kazi iliyokwisha fanyika. Kisha rudi kwenye swali uone limeuliza nini: siku zilizobaki ni 16, lakini tangu kazi ianze ni 21.