Unaanza sosholojia mwaka huu? Chagua jambo moja, ulibebe miaka yote mitatu

Kila majina ya waliodahiliwa vyuoni yanapotoka, wadogo zangu hunitumia ujumbe unaofanana: "Dada, nimepata sosholojia Mlimani, naanzia wapi?" Wengine wanauliza kwa furaha. Wengine wana huzuni kidogo, maana waliomba sheria wakakosa, na nyumbani wameshaanza kuulizwa watakuwa nani wakimaliza. Nawajibu wote hapa.

Nilisoma shahada hii ya sosholojia, yaani elimu ya jamii, hapo Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kama ningeruhusiwa kukupa ushauri mmoja tu, ungekuwa huu: mapema mwaka wa kwanza, chagua jambo moja dogo unaloweza kulifikia kwa miguu au kwa daladala moja, kisha kila nadharia utakayofundishwa uipeleke kwenye jambo hilo. Usingoje mwaka wa tatu ndipo uhangaike kutafuta mada ya utafiti. Inaweza kuwa kijiwe cha bodaboda, kwaya, msiba unavyoendeshwa mtaani kwenu, foleni ya zahanati. Kiwe kitu ambacho watu wanakutana, wanakubaliana na wanagombana.

Mimi nilichukua mchezo wa kupeana fedha wa mama lishe wa maeneo ya Mabibo. Wengi mnaujua: wanawake wanakubaliana kiasi, kila siku kila mmoja anatoa, na fedha zote za siku hiyo anapewa mmoja kwa zamu. Anayekusanya anaitwa kijumbe. Hakuna mkataba, hakuna risiti, hakuna mtu anayekwenda mahakamani, na bado watu wanalipa, hata siku ambayo wali umelala sufuriani. Kwa nini wanalipa? Swali hilo moja linatosha kukulisha miaka mitatu.

Mchukue Durkheim, mwanasosholojia wa Ufaransa. Mwaka 1893 alitofautisha mshikamano unaotokana na watu kufanana na ule unaotokana na watu kutegemeana kwa kuwa kazi zao ni tofauti. Ukimkariri kwenye desa, yale maandishi ya muhtasari tunayopeana, atakutoka kichwani siku ya pili baada ya mtihani. Mpeleke kwenye mchezo. Hawa wanaaminiana kwa sababu wote ni wapishi, wote wanaamka alfajiri, wote wana watoto shule moja? Au ni kwa sababu muuza mkaa anamhitaji mpishi na mpishi anamhitaji muuza mchele? Mimi nilikuta vyote viwili ndani ya mchezo mmoja, nikapata hoja ya insha: je, ni kweli ule wa kwanza hupungua wa pili unapokua, kama alivyodai yeye?

Weber, mwanasosholojia wa Ujerumani, anasema tunatenda kwa sababu za aina nne: kwa kupima faida, kwa thamani tunayoiamini, kwa hisia, na kwa mazoea. Waulize wanamchezo wanne kwa nini wametoa leo na utazisikia zote. Marx, aliyechambua jinsi wafanyakazi wanavyonyonywa, atakuelekeza kumtazama yule binti anayeosha vyombo tangu asubuhi na asiye na namba kwenye mchezo, ambaye wanafunzi wengi hawamwoni kabisa.

Simmel, Mjerumani mwingine, ndiye ninayempenda kuliko wote, na inaniuma kwamba hupitiwa haraka. Mwaka 1908 alieleza kwamba uhusiano wa watu wawili hufa mmoja akiondoka, lakini akiingia wa tatu mambo hubadilika: huyo wa tatu anaweza kupatanisha, anaweza kunufaika na ugomvi wa wenzake, anaweza hata kuwagawanya ili awatawale. Kaa karibu na kijumbe wiki moja. Asubuhi anamwombea mmoja aongezewe siku. Mchana anajua siri za madeni ya kila mtu. Na zamu zikipangwa, mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kupokea. Ukiona hivyo kwa macho yako, swali la Simmel kwenye mtihani utalijibu bila kuchungulia mahali.

Halafu soma walioandika juu yetu. Unaweza kumaliza shahada nzima ukijua viwanda vya Ulaya ya karne ya 19 kuliko unavyoijua Rungwe. Monica Wilson, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini, alifanya utafiti kwa Wanyakyusa miaka ya 1930 akaeleza jinsi vijana wa rika moja walivyojitenga na wazazi na kujenga kijiji chao wenyewe. Göran Hyden, aliyewahi kufundisha hapo hapo Mlimani, alidai mwaka 1980 kwamba wakulima wa Tanzania walikuwa bado hawajashikwa sawasawa na dola wala soko, kwa sababu undugu na ujirani uliwapa pa kuegemea. Issa Shivji, miaka minne kabla yake, alikuwa ameisoma Tanzania hiyo hiyo kwa kuangalia matabaka. Wasome kwa kuwagombanisha, kisha useme wewe unaona nini. Walimu wanachoka kusahihisha karatasi 200 zinazofanana. Yenye hoja inayotoka mtaani kwako wataisoma mpaka mwisho.

Sasa mahojiano, maana hapa ndipo ufundi wetu ulipo. Wanafunzi wengi wanakwenda na hojaji yenye swali "Kipato chako kwa mwezi ni shilingi ngapi?" na wanarudi na uongo mtupu. Watu hawadanganyi kwa ubaya. Mama lishe hana mwezi, ana leo. Mimi nilimwamkia mama mmoja, nikauliza swali hilo, akacheka: "Mwanangu, Mungu anajalia." Nikakaa kwenye benchi, nikaanza upya. Mama, leo umepika mchele kilo ngapi? Mkaa umenunua wa ngapi? Mafuta je? Sahani ngapi zimeuzika, na zilizobaki zinakwenda wapi? Alijibu yote huku akichambua maharage, kwa uhakika kabisa, kwa sababu hesabu hiyo anaifanya kila siku. Hata sahani za mkopo alizitaja na majina ya wadaiwa. Swali zuri ni lile ambalo mtu ameshalijibu moyoni kabla hujafika.

Nenda saa ambayo hana wateja. Omba ruhusa kabla ya kuwasha kinasa sauti cha simu, na akikataa, iweke simu mfukoni. Usiandike jina lake kwenye daftari, mpe namba. Usimwahidi mkopo, mradi wala mfadhili, hata kwa kudokeza. Watu wetu wamehojiwa sana na kuahidiwa sana. Usiku huo huo, kabla hujalala, andika ulichokiona ambacho hakikusemwa: nani alinyamaza mwenzake alipofika, nani aliitwa pembeni.

Barua nayo iombe mapema. Ya utambulisho inatoka chuoni, inakwenda kwa Katibu Tawala, inashuka hadi kwa mtendaji wa kata, kisha serikali ya mtaa. Kila mahali kuna muhuri, na mwenye muhuri anaweza kuwa safarini. Toa nakala za kutosha. Fika umevaa kiheshima, eleza kwa Kiswahili cha kawaida unataka kujua nini, achana na maneno ya darasani. Mwenyekiti wa mtaa akikutambulisha mwenyewe kwa watu, milango mingi itafunguka, ila kumbuka kwamba baadhi watakuona mtu wa serikali. Rudi siku nyingine peke yako.

Takwimu usizikimbie. Najua wengi tulitoka michepuo ya HKL na HGL tukidhani hesabu tumeziacha kidato cha nne. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na ripoti zake zinapatikana bure kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Pakua, tafuta wilaya yenu, angalia kaya ngapi zinaongozwa na wanawake. Jifunze SPSS, programu ya kuchambua takwimu, ukiwa na data yako mwenyewe, hata ya watu 30, maana data ya mfano darasani haikuumi. Jifunze pia KoboToolbox, ile ya kukusanyia majibu kwa simu. Mashirika mengi yanaitumia na unaweza kujifunza wakati wa likizo.

Kuhusu kozi weki, yaani kazi unazopewa kabla ya mtihani wa mwisho, fanya mapema, basi. Kazi za vikundi zitakuchosha. Gawaneni sehemu kwa maandishi siku ya kwanza. Past pepa zisome, ila zisiwe ndiyo shule yako.

Na ajira. Sitakudanganya kwamba ni rahisi. Halmashauri huajiri maafisa maendeleo ya jamii, na sosholojia huwa miongoni mwa shahada zinazokubalika, lakini waombaji ni wengi mno kuliko nafasi. Ndiyo maana nasisitiza fildi, yaani kazi ya vitendo nje ya darasa. Mark Granovetter, Mmarekani, alionyesha mwaka 1973 kwamba taarifa za kazi mara nyingi hutufikia kupitia watu tunaofahamiana nao kwa mbali, kwa kuwa marafiki wa karibu wanajua yale yale tunayoyajua sisi. Mtendaji aliyekugongea muhuri, afisa uliyekaa naye fildi wiki nane, mtafiti aliyekuchukua udodosaji wa siku tatu: hao ndio watu wako wa mbali. Wapelekee nakala ya ripoti yako ikikamilika. Wengi hawajawahi kuletewa na mwanafunzi hata mmoja, na watakukumbuka shirika litakapowauliza kama wanamjua kijana anayeweza kuhoji watu.

Kazi ya udodosaji ikitokea ukiwa bado chuoni, na ratiba ikiruhusu, ichukue hata kama malipo ni madogo. Kwenye CV iandike kwa vitendo: umehoji kaya ngapi, kata ipi, kwa kutumia nini, na ripoti uliandika wewe au la.