Jibu: Kwa nini maua ya mparachichi hupukutika?
Ndugu yangu wa Tukuyu, umeuliza kwa nini mparachichi wako wa aina ya Hass ulichanua hadi majani yakawa hayaonekani, kisha maua karibu yote yakapukutika. Mti huchanua ili upate mbegu, na kwa mparachichi kazi hiyo ni ya kubahatisha: katika maua 100, ni nadra hata moja kufikia kuwa tunda lililokomaa, hivyo zulia la maua chini ya mti peke yake si ugonjwa.

Litazame ua moja kwa karibu. La Hass hufunguka asubuhi likiwa jike, hufumba, na kesho yake alasiri hufunguka tena likiwa dume na kutoa chavua. La Fuerte, aina nyingine ya parachichi, huwa jike alasiri na dume asubuhi inayofuata, ndiyo maana kupanda mti wa Fuerte jirani husaidia, mradi nyuki wawepo. Baridi ya nyanda zetu (ambayo, nakiri, tunaisingizia mengi) ikiyakuta maua huvuruga saa hizo na kuwazuia nyuki kutoka mzingani. Ua lililorutubishwa hubakiza kijitunda kidogo kama kichwa cha kiberiti. Lisilorutubishwa hunyauka na kudondoka. Usipulizie dawa ya wadudu mti ukiwa na maua, isije ikawaua nyuki hao.