Madogo wa Upanga, majibu yenu haya hapa

Tangu Ujerumani ibebe ubingwa wa Ulaya wa kikapu pale Riga, Septemba 2025, kundi letu la WhatsApp halijatulia. Dennis Schröder alitangazwa mchezaji bora wa mashindano, na maswali yakahamia kwangu, eti kwa kuwa na mimi nacheza namba moja, yaani pointi gadi, mwongoza timu uwanjani, na naishi Niedersachsen, jimbo lilelile alikozaliwa. "Kaka, lini unamfuata?" "Unavuta ngapi kwa wiki?" "Nitafutie timu, nina mita 1.78 na krosova ya hatari," yaani ile chenga ya kuhamisha mpira mkono hadi mkono. Shangazi naye hakuzunguka: kiwanja cha kujenga nyumba kule Chanika kinaota majani, huo mpira unalipa au haulipi?

Shikamoo shangazi. Haulipi.

Ngoja nifafanue, maana najua kuna atakayesema naficha. Juu kabisa ya ligi za huku kuna BBL, chini yake ProA, halafu ProB, kisha Regionalliga, na mimi niko huko Regionalliga. Wa ngazi mbili za juu wanaishi kwa kikapu. ProB ni mchanganyiko, kuna wanaolipwa na kuna wanafunzi. Kwetu, senta wetu ni fundi umeme wa miaka thelathini na kitu, anaingia mazoezini na buti za kazi. Mimi nasomea uuguzi. Asubuhi nageuza wazee kitandani na kuwapima presha, jioni ndiyo navaa raba. Klabu inanipa posho ya euro 250 kwa mwezi, na msimu ukiisha na posho imeisha. Mshahara wa mafunzo ukishakatwa kodi na bima unabaki kama 1,100, chumba 380, bado chakula, simu na nauli. Kinachopona hapo ndicho mnachokiona kikiingia kwenye simu. Kwa hiyo yale maneno "mchezaji wa kulipwa" mliyobandika chini ya picha yangu, yafuteni leo.

Wa kulipwa nimewaona kwa karibu. Kuna msimu nilikuwa naitwa kujazia mazoezi ya timu ya ngazi za juu, mji mwingine, wakipungukiwa watu. Pointi gadi wao alikuwa Mmarekani, kijana mpole, mwenye mkono mzuri sana. Walimpa chumba juu ya duka la mikate na kigari kidogo kilichoandikwa majina ya wafadhili ubavuni, hata akienda sokoni mji mzima unajua ni nani. Mkataba wake ulianza Agosti kuishia Aprili. Miezi mitatu ya kiangazi hana mshahara wala nyumba, anarudi kwa mama yake, anafanya mazoezi, anasubiri simu ya wakala. Januari timu ikafungwa mfululizo. Timu ikifungwa, wa kwanza kutazamwa ni kocha, wa pili ni namba moja. Tulifika mazoezini jioni moja, kabati lake limeshatolewa vitu, na mwenzake mpya yuko njiani. Mimi ndiye niliyempeleka stesheni, maana kigari walishakichukua. Alikuwa anadai mshahara wa mwezi mmoja na nusu.

Hapo kuna jambo zuri la kujua. FIBA, shirikisho la kikapu duniani, ina baraza la usuluhishi Geneva, linaitwa BAT, lilianzishwa 2007 kwa ajili ya kesi kama hizo hasa. Mkataba ukiwa na kipengele kinacholitaja, mchezaji anaweza kuishitaki klabu huko, na klabu ikikaidi hukumu inaweza kuzuiwa kusajili wageni wapya. Mkataba usipokitaja, utalia mwenyewe. Kwa hiyo dogo, siku ukiletewa karatasi, tafuta kipengele hicho kabla hujatafuta tarakimu za mshahara.

Sasa Schröder. Mnamwona na kombe, na lile la dunia la 2023 kule Manila walipowafunga Serbia 83 kwa 77, naye akafunga pointi 28. Alikulia Braunschweig, mama Mgambia, baba Mjerumani aliyefariki Dennis akiwa na miaka 16. Alianza na ubao wa magurudumu kabla ya kikapu. Mwaka 2013, akiwa na miaka 19, Atlanta wakampata kwa namba 17 siku timu za NBA, ligi kuu ya Marekani, zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu. Leo klabu ya Braunschweig ni mali yake. Hiyo ni sehemu mnayoijua. Ile msiyoisema ni hii: Atlanta, Oklahoma City, Los Angeles, Boston, Houston, Los Angeles tena, Toronto, Brooklyn. Desemba 2024 akatolewa Brooklyn akapelekwa Golden State, Februari 2025 amevaa jezi ya Detroit, Julai amehamia Sacramento. Mtu ana mke na watoto, ni nahodha wa timu ya taifa, na bado anahamishwa kama kreti za soda. Na hela nazo hazina uhakika mnaoufikiria. Mwaka 2021 iliripotiwa kwamba Lakers walimwekea mezani dola milioni 84 kwa miaka minne. Hakusaini, na msimu uliofuata akacheza Boston kwa milioni 5.9. Najua shangazi anaguna, milioni tano za dola si njaa. Sibishi. Nasema tu kwamba huyo ndiye aliyefika kileleni, na hata yeye hupangiwa mji wa kuishi.

Halafu kuna suala la urefu, na hapa nitawaudhi wengi. Mnapenda kunitajia Hasheem Thabeet: mbona Hasheem alitoka Dar akachaguliwa wa pili NBA mwaka 2009? Hasheem ana mita 2.21. Mtu wa urefu huo anatafutwa dunia nzima, ataonekana hata akiwa anacheza uwanja wa vumbi. Sisi wa mita 1.78 hatutafutwi, tunajileta. Usiku uleule Stephen Curry alichaguliwa wa saba. Shukeni kwenye orodha hiyo mpaka namba 42, mtamkuta Patrick Beverley, pointi gadi, mbishi kweli. Hakupata nafasi. Alishacheza Ukraine kabla ya kuchaguliwa, baada ya hapo akaenda Ugiriki, kisha Urusi, mpaka Januari 2013 Houston walipomchukua. Huyo ni Mmarekani, amepita chuo kikuu, amechaguliwa, na bado alizunguka. Vyuo vya daraja la kwanza kule vinapita 350, kila kimoja kina pointi gadi wawili au watatu, na wanaochaguliwa NBA kwa mwaka mzima, nafasi zote, hawazidi 60. Waliobaki wanaenda wapi? Wanakuja huku, kwenye ligi hizihizi mnazotaka niwatafutie.

Na sheria haitusaidii. Ujerumani mwanamichezo wa kulipwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anapewa kibali cha kazi akiwa na mshahara usiopungua nusu ya kikomo cha mshahara unaokatwa michango ya pensheni. Kwa 2025 hiyo ilikuwa euro 4,025 kwa mwezi kabla ya makato. Juu yake chama cha mchezo kithibitishe kwamba uwezo unao. Sasa niambieni, klabu inayonilipa 250 itamleta nani? Mimi nilikuja kwa weltwärts, mpango wa kujitolea. Nilifundisha watoto kudunda mpira kwenye shule za msingi, nikajifunza Kijerumani usiku, nikaomba mafunzo ya uuguzi. Kikapu kilinisaidia kupata marafiki, makaratasi nimeyapata kwa uuguzi. Hispania kuna upenyo kidogo: kutokana na Mkataba wa Cotonou wa mwaka 2000, kati ya Umoja wa Ulaya na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki, mwenye pasipoti ya nchi kama yetu amekuwa hahesabiwi kwenye zile nafasi chache za wageni katika ligi yao kuu, na wapo Wamarekani waliohangaikia pasipoti za Afrika kwa sababu hiyo. Lakini upenyo huo ni wa aliyeshafikia kiwango cha ligi kuu. Viza haimo humo.

Yule mtu aliyewaambia mtoe milioni mbili na nusu ya "usajili wa majaribio Ulaya" ni tapeli. Wakala wa kweli ana leseni ya FIBA, jina lake linaonekana kwenye orodha yao, na anakula asilimia baada ya wewe kusaini. Anayekula kabla hajakupatia chochote hana timu.

Kuna aliyeuliza kama namba moja wa huku ana tofauti na wa uwanja wetu wa Don Bosco. Ipo, na si mbio wala krosova. Mpira ukiingia mikononi nina sekunde 8 za kuvuka nusu ya uwanja na 24 za shambulizi zima. Kocha anainua ngumi, maana yake senta aje kunikinga juu ya duara la pointi tatu. Kabla sijafika hapo nimeshamwona beki wa upande wa kulia kasimama hatua moja mbele, anataka kuiba pasi. Nabadilisha: nagusa bega, yule wa kona apite nyuma ya ulinzi. Wanne wote inabidi waelewe, kwa Kijerumani, huku mtu ananipumulia kifuani na ukumbi unapiga ngoma. Msimu wa kwanza senta alikuwa ananitazama mdomo, hanielewi, sekunde zinakwisha. Kocha akanikalisha benchi mpaka lugha ikanyooka, na alikuwa na haki. Mfungaji anaweza kucheza kimyakimya. Sisi namba moja tukinyamaza timu inasimama.

Sijutii kuja, msije mkasema naleta maneno ya mkosaji. Jumamosi usiku, watu mia tatu kwenye ukumbi wa shule, harufu ya soseji mlangoni, fundi umeme anafunga kwa pasi yangu, hapo nafurahi kuliko nitakavyoweza kuwaandikia. Nikimaliza mafunzo mshahara utapanda, na kiwanja cha Chanika kitaanza kuchimbwa msingi. Shangazi, hiyo hela itatoka wodini.

Na wewe dogo wa mita 1.78, video uliyonitumia nimeiona. Dakika mbili za krosova na muziki mnene hazimsaidii kocha yeyote. Nitumie mechi nzima, robo zote nne, na pale unapopoteza mpira pawemo. Nataka nione unafanya nini wakikukaba wawili uwanja mzima. Halafu anza Kijerumani.