Kompresa hujiwasha yenyewe: kwa anayeanza kupanga karakana ya nyumbani

Ukifanya kazi peke yako ni rahisi kujidanganya kwamba umeme mdogo utatosha, maana mashine unayoshika ni moja tu. Nami nilijidanganya hivyo. Siku moja nilikuwa katikati ya kupasua ubao, feni ya kuvuta vumbi ikinguruma, presha ya tangi la hewa ikashuka na kompresa, yaani mashine ya kubana hewa, ikajiwasha. Breka ikakata. Taa nazo zilikuwa kwenye saketi hiyohiyo, nikabaki gizani nikisikiliza msumeno ukizunguka bado.

Kwa hiyo hesabu mashine zinazoweza kuwaka pamoja. Mota inayokula wati 2,200 kwenye volti 230 huvuta ampea 10 au zaidi kidogo, lakini inapoanza huweza kuvuta mara 5 hadi 7 ya hapo kwa kitambo kifupi. Kompresa ipewe saketi yake, feni ipewe saketi yake, na taa zipewe saketi yake. Kuunganisha mwachie fundi umeme; wewe mpe orodha ya mashine na mahali zitakapokaa. Ekstensheni ya kuviringa, ikunjue yote kabla ya kuitumia, la sivyo joto hujikusanya ndani mpaka plastiki iyeyuke.

Kwenye hewa, wengi hununua kwa kuangalia ukubwa wa tangi. Tangi ni akiba tu. Kinachokubeba ni lita ngapi kompresa inatoa kwa dakika, kwa presha unayotaka kutumia. Bunduki ya misumari hula kidogo. Mashine ya msasa inayoendeshwa kwa hewa inaweza kutaka lita 300 kwa dakika bila kupumzika, na kompresa ndogo itakimbia mpaka ichoke.

Mabomba ya hewa yasiwe ya plastiki ya PVC, hata ukiambiwa yanahimili presha. Yakizeeka hupasuka vipande vyenye ncha kali. Tumia shaba, alumini au chuma. Kisha kuna maji: hewa ikibanwa hupata moto, ikipoa huacha unyevu, na unyevu huo ndio utakaoharibu rangi yako. Laza bomba kuu kwa mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, matawi yachomoze juu ya bomba badala ya chini, na kwenye sehemu ya chini kabisa weka valvu ya kutolea maji. Tangi nalo limwage maji kila jioni.

Kuvuta vumbi kunataka bomba pana. Vakyumu ya kawaida ina mvuto mkali lakini hupitisha hewa kidogo. Inafaa msasa wa mkononi. Mashine ya randa inataka bomba la milimita 100 na feni kubwa. Ukipunguza kipenyo nusu, njia ya hewa inabaki robo. Elbo nazo, yaani kona za bomba, ziwe chache. Barakoa usiivue upesi, kwa sababu vumbi laini usiloliona hubaki hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa.

Usifunge mabomba ukutani moja kwa moja katika mwezi wako wa kwanza wa kazi. Chora kwa chaki sakafuni mahali pa kila mashine, fanya kazi kwanza. Mimi nilihamisha meza ya msumeno mara tatu.