Barua kwa mwanangu: twiga asiye na macho

Mwanangu,

Ujumbe wako wa Jumatano nimeusoma mara nyingi kuliko nilivyomwambia mama yako. Umeuliza: "Baba, niahirishe masomo mwaka mmoja, au nikaze nimalize? Nikikaa mbele ya karatasi hakuna kinachokuja." Ukaeleza kwamba kazi za darasa zimerundikana, maonyesho ya mwisho wa mwaka yamekaribia, na bado kila usiku unachora maharusi na watoto wa bethidei kutoka kwenye simu za watu, maana hela ya hosteli inatoka humo humo.

Jambo hili halijibiki kwa simu. Nimekaa kibarazani na daftari lako la Kidato cha Pili, lile ambalo hukulimaliza, naandika kwenye kurasa zilizobaki.

Nitakachosema kwanza unakijua tangu unatambaa: mkono hauchoki, jicho ndilo linalochoka. Mkono ukiuma unakandwa kwa maji ya moto, kesho unashika brashi. Jicho likichoka halikuambii. Linaendelea kutazama tu, na wewe unadhani linaona.

Habari ya wale twiga sijawahi kukusimulia yote. Ulikuwepo, lakini ulikuwa mdogo.

Ulikuwa umeanza darasa la kwanza. Alikuja mtu pale Oysterbay, akataka twiga 120 kwa ajili ya vyumba vya hoteli. Wote saizi moja, wote chini ya mbuyu, wote na Kilimanjaro yenye theluji nyuma yao. Akalipa nusu mkononi. Sare zako zilitoka hapo, na yale mabati ya chumba cha uani anachokaa mjomba wako sasa. Nilifurahi, sikufichi. Usiku ule nililala usingizi wa mtu aliyemaliza madeni.

Kazi ya namna ile haichorwi picha moja moja. Unabana amerikani kwenye fremu 20 na kupaka rangi ya chini, njano ikipanda mpaka ikageuka chungwa, kisha unaziacha mpaka kesho, maana rangi ya mafuta haina haraka. Kesho yake miili ya twiga, yote 20. Keshokutwa madoa. Halafu mlima, halafu mbuyu. Macho ndiyo ya mwisho: tone jeupe, likikauka tone jeusi ndani yake, kisha nukta ya mwanga kwa ile brashi niliyoipunguza kwa wembe ikabaki na nywele nne tano. Twiga 20 wa kwanza kila mmoja nilimpa namna yake ya kutazama. Mmoja alikuwa na aibu, mama yako akamcheka. Kufika ishirini wa kundi la nne, macho nilikuwa nayagonga kama karani anayegonga mihuri.

Siku moja ukarudi shule, ukasimama mbele ya ile kamba ya uani ya kuanikia picha, begi likiwa bado mgongoni, ukasema, "Baba, huyu haoni."

Kweli. Twiga alikuwa amekamilika, saini yangu iko pembeni chini, na pale pa macho hapana kitu. Nilikuwa nimetia saini! Nikakuambia nitamrekebisha. Sikumrekebisha. Sijui kama nilisahau, au nilitaka kuona itakuwaje. Miaka yote nimejiambia kwamba nilisahau, lakini leo nakuandikia wewe, na wewe sikudanganyi: nadhani nilitaka kuona.

Mteja akaja na gari. Akahesabu. 120, zimetimia. Akalipa nusu iliyobaki, akanishukuru kwa mikono miwili, akaondoka na yule kipofu katikati ya wenzake. Sikusikia neno tena. Hakuna picha iliyorudishwa. Mwanangu, laiti angerudi kunitukana! Angenitukana ningejua kuna mtu aliyetazama. Mpaka leo nikipita mbele ya hoteli yoyote nawaza kwamba yumo humo, juu ya kitanda cha mtu, na saini yangu chini yake.

Baada ya hapo sikuchora. Si kwamba nilipata hekima ya kupumzika. Bibi yako, ambaye jina lake umelibeba, aliita kutoka Tunduru: korosho zimeanguka na hana wa kumsaidia kuziokota. Nilikwenda kwa wiki mbili, nikakaa miezi mitatu. Mama yako anakumbuka kwa uchungu wake, na ana haki. Kule sikupumzika hata kidogo. Tulidamka kabla ya jua, tukaokota, tukanyofoa korosho kwenye mabibo mpaka vidole vikanata, tukaanika, tukabeba magunia kwenda kupima ghalani na kusubiri foleni. Brashi sikuigusa wala sikuikumbuka.

Mchana mmoja mjomba alikuwa amemaliza kupaka baiskeli yake rangi, ikabaki kidogo kwenye kopo, nyekundu na nyeusi. Nikachora kuku kwenye mlango wa jiko. Hakuna aliyeniomba. Bibi yako akatoka na ungo wake, akasimama, akamtazama yule kuku kwa muda mrefu, akasema, "Huyu ana njaa." Kisha akaenda kupepeta mtama wake.

Nimeuza picha kwa watu wa nchi nisizozijua, na sijawahi kusifiwa kama siku ile. Yule kuku umemwona mwenyewe. Moshi umemla mwili mzima, limebaki jicho.

Sasa utasema, basi Baba anataka niahirishe. Hapana, sijasema hivyo. Mimi nilikwenda kwenye kazi nyingine, sikwenda kukaa. Ukiahirisha mwaka halafu ukautumia kuchora maharusi mchana na usiku, utarudi chuoni umechakaa zaidi, na wenzako wamekwisha maliza.

Lakini pia namfikiria Tingatinga, aliyeanzisha uchoraji wetu huu, mtu wa kwetu Tunduru. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, rangi za baiskeli kwenye silingi bodi, na 1972 akapigwa risasi kwa makosa, akafa. Miaka minne tu, na sisi tumekula kwa mkono wake zaidi ya nusu karne. Nilipokuwa kijana nilimtumia kama hoja ya kukimbia: hujui siku yako, chora. Siku hizi natazama alikopita kabla. Alifika kwenye brashi akiwa na miaka thelathini na kitu, akitoka kwenye mkonge wa Tanga na nyumba za watu alikotumika. Jicho lake lilikuwa limekula vitu vingine kwanza. Hoja zote mbili ni za kweli na zinagombana kichwani mwangu tangu Jumatano.

Nami hata huo usemi wangu nimeutilia shaka juzi. Mkono wangu siku hizi unachoka, vidole vinakufa ganzi nikichora saa mbili tu. Hata hivyo bado nasema ni jicho.

Kwa hiyo nami nakuuliza. Hiyo karatasi unayosema hakuna kinachokuja, ni karatasi ipi? Ya mwalimu, ya mteja, au yako? Lini mara ya mwisho umechora kitu ambacho hakuna aliyekiagiza? Usinijibu kwa haraka.

Mama yako amenikataza kukuamulia. Amesema, "Ni mtu mzima, mwache." Nimeahidi, ingawa jibu liko mdomoni. Ningekuwa mimi ningekwenda kwa yule mwalimu wako uliyesema anasikiliza, kabla sijajaza fomu yoyote... basi, nimeahidi. Ila hizo oda za maharusi ningeziacha leo hii. Hela ya hosteli ya muhula huu nitaituma mwisho wa mwezi, wale tembo wawili wamenunuliwa. Huo si uamuzi, ni hela tu, na mama yako anajua.

Ijumaa njoo ule nyumbani. Barua hii nitakukabidhi mkononi pamoja na daftari lenyewe, maana kurasa siwezi kuzichana. Ukurasa ulio nyuma ya huu wa kwanza una yule mama mkaanga samaki wa Feri uliyemchora kwa kalamu ya wino siku tuliyokwenda kununua vibua, ukasahau kula. Kidole gumba chake umekifunga kitambaa, na fundo la kitambaa linaonekana limelowa mafuta. Nimeandika kwa mkono mwepesi ili wino usipenye upande wake.

Baba yako