Nihamie London au nimalizie Marekani?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 20 na niko mwaka wa pili katika chuo kikuu huku Marekani, kwenye masomo ya maandalizi ya udaktari. Muhula uliopita nilipata C+ katika kemia ya kaboni, na tangu hapo sina raha. Usingizi umenipaa, na nikikaa na wenzangu mazungumzo ni GPA tu, yaani wastani wa alama. Dada yangu anaishi London. Nimepata nafasi ya kuhamia chuo cha huko kumalizia shahada ya biolojia, kisha nirudi Marekani kuomba shule ya udaktari. Baba anasema nimalizie nilipoanza. Dada anasema niende. Nimsikilize nani?

Niliyebanwa katikati

Marahaba, mwanangu.

Waweke pembeni wote wawili kwanza. Umeniambia unataka kurudi kusomea udaktari Marekani, na hilo ndilo linaloamua mengine yote. Hujaniambia kama ndiko unakotaka kuja kutibu watu, ila nitachukulia kwamba ndiko.

Tuanze na C+, maana naona ndiyo iliyokufungisha virago. Shule nyingi za udaktari Marekani hupokea maombi kupitia mfumo uitwao AMCAS. Mfumo huo hukokotoa GPA kwa masomo ya vyuo vya Marekani na Kanada. Masomo ya chuo cha nchi nyingine hauyahakiki wala hauyaingizi kwenye hesabu. Sasa jiulize, ukienda London ukafaulu vizuri kuliko wote, alama hizo zitaingia wapi? GPA watakayoiona ni ya miaka hii miwili tu, na C+ yako iko palepale, bila alama mpya za kuivuta juu. Unaikimbia, kumbe unaigandisha.

Si hilo tu. Zipo shule zinazotaka shahada yenyewe iwe ya Marekani au Kanada, na zipo zinazotaka angalau krediti (vipimo vya masomo uliyomaliza) 60 au 90 za huko. Halafu shahada ya Uingereza hujikita kwenye somo moja. Ukiingia biolojia, utasoma biolojia. Fizikia na maabara yake, na kile kilichobaki cha kemia, utavipatia wapi? Utajikuta unarudi Marekani na shahada mkononi, kisha unaanza kulipia masomo ya mwaka wa pili.

Kuhusu alama yenyewe, sitakudanganya. Wanaokubaliwa wana wastani wa GPA unaokaribia 3.8 kati ya 4, na chini ya nusu ya wanaoomba ndio wanaopata nafasi. Lakini shule nyingi zinazodai somo hilo huikubali C na kuendelea, na hiyo ni alama ya somo moja. Ukifanya vizuri biokemia, ambayo inajengwa juu ya kemia hiyohiyo, kisha ukapata alama nzuri kwenye MCAT, mtihani wa kuingilia shule za udaktari, anayesoma faili lako ataona mtu aliyejikwaa akainuka. Wapo walioko kwenye shule hizo wenye doa kama lako; hawalitangazi tu mezani.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni usingizi. Umeutaja kwa maneno mawili ukapita. Chuo chako kina huduma ya ushauri nasaha, nenda wiki hii, na usingoje mambo yaharibike kwanza. Na hao wenzako wa hesabu za GPA, punguza kula nao.

Kama unachokililia ni dada na hewa nyingine, uliza chuoni kwako kama wana mpango wa kusoma nje muhula mmoja. Masomo ya mpango wa namna hiyo, yakiingia kwenye transkripti ya chuo chako kama krediti zao, hayakupotezi njia. Chukua huko historia, lugha, chochote ukipendacho, na masomo ya sayansi yanayodaiwa uyabakize Marekani.

Kuna jambo hukuniambia, na linaweza kupindua jibu langu: una ukazi wa kudumu au viza ya mwanafunzi? Kama ni viza, shule nyingi za udaktari Marekani hazitakupokea, hata uwe na alama gani. Mikopo ya serikali hupewi, na baadhi ya zile zinazopokea hutaka uoneshe fedha ya miaka yote minne kabla hujaanza. Katika hali hiyo Uingereza inastahili kufikiriwa, ila si kwa shahada ya biolojia. Fikiria udaktari wenyewe. Huko watu huanza moja kwa moja bila shahada nyingine kwanza, kwa kawaida miaka 5, na krediti zako za sasa huenda zisikupunguzie hata mwaka. Kuishi kwa dada pia hakukufanyi mwanafunzi wa nyumbani. Utalipa ada ya mgeni. Na siku ukitaka kufanya kazi Marekani, itakubidi upite kwenye cheti cha ECFMG, wanachopewa madaktari waliosomea nje, na mitihani ya leseni ya USMLE, kisha ugombee nafasi ya mafunzo ya ubingwa pamoja na wote.

Baba yako nakubaliana naye kwa sehemu, ingawa "maliza ulipoanza" si sababu. Mwoneshe hesabu hizi, dada pia. Chagua shule nne ambazo kweli ungetaka kuingia, uziandikie ofisi za udahili, na swali liwe hili: "Nikimaliza shahada yangu Uingereza baada ya miaka miwili hapa, mtapokea maombi yangu?" Majibu yakiwa bado hayajaja, usilipe amana ya nafasi ya London.

Shangazi yako